Walivyogawana Machaguo ya Konadu

Binti yangu Konadu hajawahi kuchagua kitu bila tumbo kumuuma. Tangu akiwa mdogo, ukimtuma soko la Effiduase kununua nyanya, alikuwa anasimama katikati ya wauzaji wawili, anatazama huku, anatazama kule, mpaka wote wawili wanamtukana. "We mtoto, umekuja kununua au umekuja kutukagua?" Anarudi na kikapu kitupu. Akifunga mlango, lazima arudi kuusukuma aone kama umefungwa kweli. Akizima jiko, anarudi kulitazama. Si mvivu wala si mjinga, maana mtihani wa mwisho wa sekondari aliwapita watoto wote wa mtaa wetu. Ila mwambie achague, utaona uso wake unakuwa kama wa mtu aliyemeza mfupa.

Sasa mtoto wa namna hiyo ndiye kaka yangu Amoateng alimtangaza kwenye spika.

Ilikuwa Jumamosi, msibani kwa mama yetu mdogo. Uwanja ulikuwa umejaa watu wenye nguo nyeusi na nyekundu, na mtangazaji alikuwa akisoma majina ya waliotoa rambirambi. Kaka yangu ni mfamasia, ana duka kubwa la dawa huko Accra, na akija nyumbani haji kimya. Alipomaliza kutoa rambirambi yake, akachukua kipaza sauti mkononi mwa mtangazaji kama mtu anayechukua kijiko chake mwenyewe.

"Ndugu zangu, marehemu hakuondoka akatuacha gizani," akasema. "Konadu! Mpwa wangu, simama watu wakuone. Huyu mwaka huu anaingia chuo kikuu kusomea ufamasia, na mimi mjomba wake ndiye nitakayemsomesha!"

Watu walipiga makofi, na wapiga ngoma wakaongeza ya kwao. Konadu aliinuka nusu, akabaki hapo, hajasimama wala hajaketi, ameshika ukingo wa kiti. Fomu ya chuo ilikuwa haijaguswa. Hakuna aliyekuwa amemuuliza kitu. Lakini kwetu, jambo likishasemwa kwenye spika ya msiba, limekwisha kuwa. Anayelibadilisha anamwaibisha aliyesema na aliyelala kaburini. Kabla jua halijatua, hata msichana aliyekuwa akiuza maji ya barafu alikuwa anamwita, "Dokta, nikupe maji?"

Nilimtazama kaka yangu akipokea pongezi, nikakumbuka mambo yangu.

Mimi Dufie ndiye mkubwa. Wakati wa kwenda shule ulipofika, kitambaa cha sare kilikuwa cha mtoto mmoja, na wakamshonea yeye. Mimi niliambiwa msichana ana mikono. Basi nikaitumia hiyo mikono kuuza machungwa kwenye kituo cha malori, na machungwa hayo ndiyo yaliyomnunulia madaftari. Leo Amoateng akisimulia jinsi alivyosoma, anamtaja Mungu, anamtaja mwalimu wake mkuu, anaitaja mpaka taa ya chemli. Machungwa hayamo.

Kisha nikaolewa na Asiamah, tukaenda Sefwi kulima kakao. Msitu tuliufyeka wawili, miche tuliipanda wawili, na nilimzaa Konadu pale pale kibandani. Asiamah alipofariki, akaja Badu, mtoto wa dada yake, ambaye kwa desturi yetu ya kufuata damu ya mama ndiye mrithi, pamoja na wazee wao. Walimwaga kinywaji chini, wakawaomba mababu wawasikie, wakanieleza kwa sauti ya upole kabisa kwamba mke si ukoo, na shamba ni la ukoo. Nilitoka na mtoto, sufuria na nguo nilizovaa. Watu hupenda kuniambia kwamba siku hizi kuna sheria ya kumlinda mjane. Ipo, sikatai. Lakini sheria inataka mtu wa kuisimamisha mbele ya hakimu, na mimi sikuwa na mtu.

Ndiyo maana nilikuwa na ombi moja tu juu ya Konadu. Asome sheria. Siku moja avae lile joho jeusi, afike Sefwi, amkute Badu juu ya mti akiangua, amwambie, "Shuka. Huo mti una mwenyewe."

Jumapili ukoo uliketi kwa ajili ya hesabu, kama desturi baada ya maziko. Kilichopatikana kilisomwa, kilichotumika kikasomwa, na upungufu ukagawanywa, kila mtu fungu lake kwa cheo chake. Aliyekuwa anagawa ni Nana Bofuor, mkuu wa ukoo wetu, mzee mwenye miguu iliyovimba ambayo huinyoosha juu ya kigoda mbele za watu, ili mtu asije akasahau kwamba anaumwa. Walipomaliza, akauliza kama kuna jingine.

"Lipo, Nana," nikasema. "Fomu ya chuo ya Konadu inafungwa Ijumaa. Jana kaka yangu ametangaza ufamasia mbele ya watu. Mimi niliyemzaa nataka sheria."

Pakawa na minong'ono. Amoateng akavua miwani, akaifuta.

"Dada, duka lile nitamwachia nani? Watoto wangu ni wa ukoo wa mama yao, unajua. Mpwa wangu ndiye damu yangu. Nikifa leo, Konadu ndiye anayepaswa kusimama nyuma ya ile kaunta."

"Duka lako lina mtu wa kulirithi," nikamjibu, "na shamba langu je?"

"Haya, haya," Nana Bofuor akaingilia. "Hiyo fomu ina nafasi ngapi za kuandika?"

"Nne," Konadu akajibu kutoka nyuma yangu, alikokuwa ameketi kwenye mkeka. Hilo ndilo neno pekee alilosema siku hiyo.

"Nne!" Nana akacheka. "Sasa mnagombana nini? Hata kondoo mmoja hugawanywa watu wakashiba. La kwanza ni la mjomba, maana ndiye anayesomesha. La pili ni la mama, maana tumbo ni lake. La tatu ni la ukoo."

"Na ukoo unataka nini, Nana?" mtu akauliza.

"Uuguzi. Nikifa kabla miguu hii haijashikwa na muuguzi wa damu yangu, nitarudi kuwasumbua."

Watu wakacheka mpaka bibi mmoja akajifuta machozi ambayo siku iliyotangulia alikuwa akiyatumia kwa kazi nyingine.

"Na la nne," Nana akamalizia, "aachiwe mtoto mwenyewe. Tusiseme tumemnyima."

Hivyo ndivyo walivyogawa. Paja kwa mjomba, ubavu kwa mama, kifua kwa ukoo, shingo kwa mtoto. Mimi nilikuwa nimegawiwa mambo mengi na ukoo ule, na kila mara fungu langu nilipolifungua nilikuta mfupa. Basi nikauliza, "Hilo la pili lina nguvu gani?"

Amoateng akanitabasamia kama anavyowatabasamia wateja wanaouliza bei. "Dada yangu, la pili nalo ni chaguo. Usiwe na wasiwasi."

Nikakubali. Kwa mara ya kwanza nilikuwa nimepewa kitu mbele ya wazee, nikaona afadhali.

Wiki ile ilikuwa ndefu. Nafasi tatu zilikuwa zimejazwa na watu wasio na shaka hata kidogo, na ile moja iliyobaki, iliyokuwa ya Konadu, ilikuwa tupu. Aliibeba kila mahali. Nikiamka namkuta amekaa uani na simu yangu, anasoma majina ya masomo ya chuo, midomo inacheza. Nikimwuliza, "Umepata?" ananijibu, "Bado, Mama." Nikiuliza tena mchana, bado. Nikaacha kuuliza, maana kila nilipouliza alikwenda chooni.

Na nyumba yetu haina ukuta wa kuzuia ushauri. Mshonaji wa jirani alimwambia asome benki, kwa sababu watu wa benki wanakaa kwenye ubaridi. Mchungaji wetu akamwambia aombe, kisha akamnong'oneza kwamba mwanawe alisomea uchumi na sasa yuko nyumbani anacheza karata. Fundi redio akasema dunia ni kompyuta. Kila aliyetoka aliacha mzigo wake, na mtoto akawa anaitikia, "Ndiyo, ahsante, nimesikia," huku anang'ata kucha mpaka nyama.

"Dokta hali?" mshonaji akaniuliza siku moja. "Naona mifupa ya shingo."

"Anakula," nikadanganya.

Hakuwa anakula. Nilikuwa napika fufu, ule ugali wetu wa muhogo wa kutwanga, na mchuzi wa samaki anaoupenda, anamega tonge moja, analizungusha kwenye mchuzi mpaka linapoa, analirudisha. Nami nilikuwa naona hasira badala ya kuona huruma, nasema yaliyo kweli. Nilikuwa najiambia, mtu amepewa mlango ambao mimi nilifungiwa, anasimama kizingitini anaumwa tumbo.

Jumatano jioni tulikuwa tunatwanga. Mimi nimeshika mchi, yeye ameketi kwenye kigoda kando ya kinu anageuza. Kila mtu wa kwetu anajua kazi hiyo ina mwendo wake: mchi ukiinuka, mkono unaingia, unakunja fufu, unatoka. Konadu amegeuza tangu ana miaka saba, na hatukuwahi hata kutazamana. Siku hiyo mkono uliingia, ukakaa. Nikaona vidole vyake ndani ya kinu na macho yake yako ukutani, na mchi wangu ulikuwa umekwisha kushuka. Niliukwepesha nikapiga ukingo, lakini ncha ilimpata kidole cha kati.

Hakulia. Alikitazama kile kidole kinavyotoka damu na kuanza kuvimba, kana kwamba ni cha mtu mwingine.

"Unataka nikuue?" nikapiga kelele. "Unataka watu waseme Dufie amemtwanga mwanawe? Ulikuwa wapi?"

"Kwenye la nne, Mama."

"La nne! Andika chochote! Andika kupika!"

"Na kama ndilo litakaloshika? Nitaishi nalo maisha yangu yote?"

Nilimfunga kidole kwa kitambaa, tukatupa fufu ile kwa sababu ilikuwa imeingia damu, tukala mkate.

Ijumaa tulikwenda kwenye kibanda cha Fiifi, kijana anayejazia watu fomu kwa kompyuta karibu na ofisi ya posta. Tulikuta foleni ya watoto na mama zao, wote wana nyuso kama za watu wa hospitali. Zamu yetu ilifika alasiri. Konadu akamsomea yale matatu kwa mpangilio wa Nana, na Fiifi akaacha kuandika.

"Mama Konadu, hii sheria hapa nafasi ya pili, nani kawashauri?"

"Ukoo," nikasema.

"Basi ukoo haujawahi kujaza fomu. Sheria wanaotaka kuisoma ni wengi mno. Chuo hiki aliyeiweka ya pili hawamtazami kabisa. Ni sawa na kuacha wazi. Halafu kwa alama hizi za Konadu, famasia watamchukua. Wakishakuchukua kwenye la kwanza, huko chini hawasomi. Haya mengine ni mapambo."

"Mapambo," nikasema.

"Ndiyo, Mama. Ua kwenye kofia."

Nikashika meza. Sikuumia kwa ajili ya Nana, yule hajui. Lakini Amoateng amesoma chuo, na kila mwaka anawajazia fomu watoto wa marafiki zake huko Accra. Alijua. Alinitabasamia huku anajua. La pili nalo ni chaguo, dada yangu. Nilisikia tena harufu ya machungwa.

"Futa," nikamwambia Fiifi. "Weka sheria ya kwanza."

"Mama," Konadu akasema.

"Weka ya kwanza! Spika wamepiga wao, mtoto nimezaa mimi!"

Fiifi aliweka vidole kwenye kompyuta, na umeme ukakatika. Feni ikazunguka polepole ikafa. Nje wale kina mama wakaguna kwa pamoja, na mmoja akaanza kulia kweli, maana fomu ilikuwa inafungwa siku hiyo hiyo. Fiifi akasema ana jenereta lakini haina mafuta, akapanda pikipiki ya rafiki yake kwenda kuyatafuta. Tukaketi kwenye benchi nje, mimi na binti yangu, tukisubiri.

Konadu alikuwa amekishika kile kidole kibovu kwa mkono mwingine.

"Mama, naomba nikwambie, lakini usinipige hapa mbele za watu."

"Sema."

"Mjomba anataka mtu wa kusimama dukani kwake. Nana anataka mtu wa kumkanda miguu. Wewe unataka mtu wa kumshtaki Badu. Na hasa wewe una haki, Mama, mimi nilikuwepo, niliona tulivyotoka Sefwi. Ila nikiwaza kusimama kortini nigombane na watu kila siku, nataka kutapika. Nikiwaza dawa nyuma ya kaunta na Mjomba ananitazama, nataka kutapika."

"Haya. Na wewe unataka nini? Leo nakuuliza."

"Sijui."

Mungu anajua mkono wangu uliinuka. Mwanamke aliyekuwa kando yetu akasema, "Eeh, mwenzangu, msamehe, hata wangu hajui." Nikaushusha.

"Hujui," nikasema. "Umesoma miaka yote hiyo, unajua majina ya mito ya nchi ambazo sitazikanyaga, na hujui."

"Sijui kwa hakika. Kuna moja tu nikiisoma kwenye orodha tumbo linatulia. Nimeisoma wiki nzima. Naogopa kukwambia kwa sababu ni ya kijinga."

"Ipi?"

"Hali ya hewa."

Sikuelewa. Nikadhani anasema anasikia joto. Akanieleza kwamba ni somo, wanasoma mawingu na upepo na mvua, wanapima, wanasema kesho itakuwaje.

"Hiyo si kazi ya chuo," nikamwambia. "Huko kaskazini kuna vizee wanaifanya kwa kuchinja kuku mmoja."

Akacheka kidogo, mara ya kwanza wiki ile. Halafu akaniuliza, "Unakumbuka mikeka?"

Nitaachaje kuikumbuka? Kule Sefwi, kakao ikishachacha tulikuwa tunaianika kwenye mikeka ya mianzi juu ya vichanja, na mvua ikiinyea inaota ukungu, mnunuzi haitaki. Mimi na baba yake tukiwa shambani, kazi ya Konadu ilikuwa kukaa chini ya kichanja, mtoto mdogo wa kimo cha jembe, kutazama mbingu na kupiga kelele tukaikunje mikeka kabla tone la kwanza halijaanguka. Baba yake hakuwa na mchezo na jambo hilo. Na katika miaka yote ile, sikumbuki kakao yetu ikilowa.

"Nilikuwa naogopa sana pale," akasema. "Nilikuwa siwezi hata kwenda kukojoa. Lakini wingu nilikuwa nikiliona, najua ninachokiogopa. Linatoka upande gani, linakwenda vipi, nina muda kiasi gani. Haya mengine yote naogopa kitu nisichokiona. Sijui kama naipenda, Mama. Sijui hata kama kuna kazi. Najua tu kwamba nikiiwaza naweza kula."

Nilitaka kumwambia kwamba mikeka ile leo anaikunja Badu. Nilitaka kumwambia mawingu hayana joho. Nilikuwa na maneno mengi sana, nimeyalimbikiza tangu wakati wa ile sare moja. Nikamtazama usoni. Mimi nilipokuwa napewa sinia la machungwa, hakuna aliyeniketisha kwenye benchi akaniuliza. Na kama wangeniuliza, Dufie, ukienda shule utataka kuwa nani, ningesema nini? Ningesema sijui. Nilitaka kwenda tu.

Pikipiki ya Fiifi ikarudi na kidumu. Jenereta ikakohoa, ikawaka. Tukaingia.

"Sheria ya kwanza, Mama Konadu, ndivyo ulivyosema?" Fiifi akauliza.

"Muulize mwenye fomu."

Konadu akanitazama, akaitazama kompyuta, akanitazama tena. Jasho lilikuwa linamtoka juu ya mdomo. Watu nyuma yetu walikuwa wanasukumana, jenereta inanguruma, na yeye amesimama katikati ya nyanya mbili.

"Sema, au nitamwambia aandike kupika," nikasema.

"Hali ya hewa," akasema. "Ya kwanza."

Fiifi akageuka kunitazama mimi, kama vile nimemleta mtoto mwenye homa kwake badala ya zahanati. "Na ya pili?"

Hapo mimi ndiye niliyejibu. "Ufamasia. Mjomba wake naye aonje kukaa nafasi ya pili. La tatu uuguzi, tusivunje miguu ya Nana."

"Na la nne?"

"Sheria," Konadu akasema haraka. "Ya Mama."

"Si nimewaeleza hapo haisomwi," Fiifi akasema.

"Iandike tu," akamwambia.

Ikaandikwa. Fiifi akabonyeza, kitu kikazunguka kwenye kioo muda mrefu, kisha akasema imekwenda. Konadu akamwomba aangalie tena kama imekwenda kweli. Akaangalia. Tulipofika njia panda akataka turudi kuuliza mara ya tatu, nikamshika mkono nikamvuta.

Amoateng alipata habari kabla ya Jumatatu, kwani mji wetu hauna siri. Akanipigia simu.

"Dada, nimesikia upuuzi hapa. Mawingu? Nimesimama mbele ya watu wote wale nikatangaza, wewe unanifanyia mawingu?"

"Ufamasia upo, kaka yangu. Nimeuweka wa pili."

"Wa pili unasaidia nini?"

"Uliniambia mwenyewe. La pili nalo ni chaguo. Usiwe na wasiwasi."

Akasema anayetazama mawingu asomeshwe na mawingu, akakata simu. Tangu siku hiyo simu zangu hapokei.

Nana Bofuor aliniita. Akaniuliza mbele ya wazee, "Dufie, mvua huleta Mungu, sasa hicho chuo kinaleta nini?" Wakaniamuru nipeleke chupa mbili za pombe kali ya jini kuwatuliza mababu, kwa sababu nimeuvunja mgao wa ukoo. Nikapeleka. Nilizibeba kichwani kupita katikati ya mji, kila mtu aone. Mshonaji akanipigia kelele kutoka kwenye mashine yake, "Dufie, Dokta wetu amekuwa mganga wa mvua?" Nikamwambia aandae mwavuli.

Nayasema haya kwa kiburi, lakini ukweli ni kwamba silali vizuri. Majibu ya chuo hayajatoka. Wanaweza kumkataa kwenye la kwanza wakamchukua kwenye lile la mjomba, naye mjomba amekwisha kuapa hatamsomesha. Wanaweza kumchukua, na mimi nisiweze kumfikisha mwisho. Nauza makopa ya muhogo, sina kingine. Nikiwa nakatakata muhogo namwaza Badu anavyokula kakao yangu, namwaza kaka yangu na miwani yake, na sijamsamehe hata mmoja. Huenda mtoto amekosea. Huenda mimi ndiye niliyekosea, kwa kumwacha atoke kwenye njia yenye duka mwisho wake. Namtazama akirudi kuusukuma mlango aone kama umefungwa, najiuliza mtu wa namna hii atawaambiaje watu kesho kutanyesha.

Juzi nilikuwa nimeanika makopa uani, jua limewaka vizuri. Konadu akatoka jikoni, akasimama, akatazama upande wa milima kwa muda.

"Mama, tuanue. Inakuja."

"Wapi? Mimi sioni kitu."

"Inakuja. Anza huko, mimi huku."

Tukakimbia. Tulikunja mikeka, tukabeba masinia, mimi napiga kelele, yeye ananiambia fanya haraka, mpaka kila kipande kikawa ndani na sisi tunahema mlangoni. Tukasubiri. Upepo ulivuma kidogo, ukaangusha ndoo ya jirani. Lile wingu likazunguka nyuma ya kanisa, likaenda zake kunyesha kwa watu wengine, na jua likawaka kuliko mwanzo. Hakikuanguka hata tone.

"Chuo hawajakuchukua bado," nikamwambia, "na umekwisha kunidanganya."

Alilitazama lile wingu linavyoondoka, akakunja uso, akafikiri. "Upepo uligeuka," akasema. "Sikuutazama upepo."

Kisha akaingia jikoni. Nilipomfuata nilimkuta amepakua fufu iliyobaki asubuhi, amekaa chini, anakula.